Sitara Ni ya Nani?

Katika mambo ambayo watu wa miji yetu ya pwani hujisifu nayo, na haki yao kujisifu, ni sitara. Nyumba zetu za kale zilijengwa kwa sitara: ukuta mrefu upande wa njiani, daka la kumpokea mgeni, kisha ndani kabisa ndipo wenyewe walipo. Mavazi yetu ni ya sitara, maneno yetu hufumbwa kwa sitara, na mtu akipatwa na jambo la aibu jirani mwema hujifanya hakuona. Hii ni tabia njema, na mji usiokuwa nayo ni mji wa fitina. Lakini kila tabia njema ina mahali pake, na ikiondolewa mahali pake hugeuka kinyume cha ilivyokusudiwa. Ukarimu usiojua mahali ni ubadhirifu, na ushujaa usiojua mahali ni ujeuri. Je, sitara isiyojua mahali ni nini? Hili ndilo suali tutakalo kulitazama, kwani katika siku zetu hizi limekuwa suali la salama ya watoto wetu.

Jambo lenyewe ni hili. Mtoto, wa kike au wa kiume, ana simu mkononi, au atumia simu ya mamake. Mtu mzima humpata kwa njia ya mtandao, humsemesha, humzoeza, kisha humtaka picha ya mwili wake. Akisha kuipata ya kwanza humtisha kwayo ili apate ya pili. Ama humtaka waonane faraghani. Ama huiuza kwa wenzake. Siku jambo likajulikana nyumbani, wazee hukaa kitako na mlango hufungwa. Mtoto huulizwa maswali makali, simu huvunjwa au picha hufutwa, na mwisho wa kikao husemwa neno moja: "Hili lisitoke nje." Watu huondoka pale wakiamini kwamba wametenda jambo la sitara. Sisi twauliza: aliyesitiriwa ni nani?

Tulitazame neno lenyewe kwanza. Tumefunzwa kwamba kumsitiri mja aliyeteleza ni jambo la thawabu, na hapana mwenye shaka katika hilo. Lakini wanavyuoni wetu tangu zamani wametofautisha baina ya haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya waja. Mtu aliyefanya dhambi baina yake na Mola wake, akajuta na akaona haya, huyo yafaa kufunikwa. Kumfichua ni kumvunja moyo wa kutubu. Ama aliyechukua haki ya mtu mwingine, jambo lake si lake peke yake. Wasii akila mali ya yatima, je, yuko mzee katika mji atakayesimama aseme, "Msitirini, mali imekwisha kuliwa, na yatima naye asiseme"? Hayuko. Sote tutasema mali irudi na mwizi azuiliwe. Basi imekuwaje, mali ya yatima ikiibwa twataka hukumu, na mwili wa mtoto ukiibwa twataka kimya? Kama mwili wa mtoto ni amana kubwa kuliko shamba la minazi, na ndivyo ulivyo, basi kipimo chetu kimepinduka.

Hapa inafaa tuwasikilize waliofanya kazi ya kuuchunguza uhalifu huu, kwani elimu ya jinai imetoa mambo ambayo mzazi hana budi kuyajua. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliuliza kwa nini wizi na ujambazi uliongezeka nchini mwao baada ya Vita Vikuu vya Pili, ilhali watu walikuwa wameongeza kipato na elimu. Jawabu lao lilikuwa jepesi kulisema na zito kulifikiri. Jinai hutokea pakutanapo mambo matatu kwa wakati mmoja: mtu mwenye nia mbaya, kitu au mtu awezaye kudhuriwa, na kukosekana kwa mlinzi. Wenye nia mbaya huenda wasizidi hata mmoja, lakini walinzi wakitoka majumbani na mali ikawa nyepesi kubebwa, jinai itazidi.

Ipime kanuni hiyo kwa simu. Zamani mtu mwenye nia mbaya alitaka kumfikia mtoto ilimbidi apite mtaani, aonwe na bibi aliyekaa barazani, aulizwe na mwenye duka, abishe hodi. Kila mmoja wa hao alikuwa mlinzi, ijapokuwa hakujijua kwamba ni mlinzi. Simu imewaruka wote. Mtu yuko chumbani mwake, na mtoto yuko chumbani mwake, na baina yao hapana baraza wala hodi. Mzazi aliyeko sebuleni humwona mwanawe amelala kitandani, akashukuru kwamba leo hakutoka. Hajui kwamba ametoka, na amekwenda mbali, na hana mtu wa kumshika mkono.

Mtaalamu mwingine, David Finkelhor, ambaye kwa miaka mingi amechunguza madhila wanayotendwa watoto, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1984 kwamba mdhulumu wa mtoto hupita vizuizi vinne. Kwanza hana budi awe na tamaa yenyewe. Pili hana budi aishinde nafsi yake, yaani dhamiri na khofu yake. Tatu hana budi avishinde vizuizi vya nje, yaani wazazi, majirani na sheria. Nne hana budi aushinde upinzani wa mtoto mwenyewe. Mafunzo yetu mengi kwa watoto ni ya kizuizi cha nne: twamwambia mtoto akatae, akimbie, asizungumze na asiyemjua. Ni mafunzo mema, lakini twamwekea aliye dhaifu kuliko wote mzigo ulio mzito kuliko yote. Vizuizi vya pili na vya tatu ni vyetu sisi watu wazima. Na hapa ndipo sitara isiyo mahali pake inapoingia. Mtu ajuaye kwamba katika mji huu mambo kama haya humalizwa nyumbani, na kwamba khofu ya wazee ni khabari kutoka nje wala si mtoto kuumia, huyo kizuizi chake cha pili kimekwisha legea kabla hajaanza, na cha tatu kimebomolewa na wenye nyumba wenyewe.

Tutazame sasa mdhulumu huyu hufanya kazi kwa rasilmali gani. Mwizi wa duka ana nondo. Huyu ana aibu. Aipatapo picha moja ya mtoto hahitaji kumfunga kamba. Humwambia: ukinikatalia nitaipeleka kwa babako, kwa walimu wako, kwa wenzako wote. Tazama vizuri kitisho hicho. Hamtishi mtoto kwa kumpiga. Amtisha kwa sisi. Silaha yake ni macho yetu, ndimi zetu, na hukumu ambayo mtoto aamini kwamba tutamhukumu. Lau mtoto angekuwa na yakini kwamba babake akiiona picha ile atamkasirikia mwenye kuitaka na si aliyeombwa, kitisho hicho kingekuwa maneno matupu. Basi silaha ni yetu, na mdhulumu ameiazima tu.

Dunia nzima ilipata kuliona hili kwa msichana mmoja wa Canada, Amanda Todd. Alipokuwa bado mtoto wa shule alishawishiwa kwa njia ya mtandao akaonyesha mwili wake, na picha ikashikwa. Aliyemwandama alijificha nyuma ya majina mengi ya uongo, akamtaka zaidi, na alipokataa akaisambaza picha ile kwa watu waliomjua. Msichana alihama shule, na picha ikamfuata. Shuleni wenzake walimcheka na kumpiga. Mwezi wa Septemba mwaka 2012 alijirekodi akieleza kisa chake kwa vikaratasi, bila kufungua kinywa. Mwezi uliofuata alijitoa uhai, umri wake miaka 15. Mtu aliyemwandama, Aydin Coban, alikuwa ng'ambo ya bahari, Uholanzi. Alipatikana na hatia katika mahakama ya Canada mwaka 2022, miaka 10 baada ya kifo chake. Mtu mmoja alianza dhulma ile, lakini haikutimia kwa mkono wake peke yake. Ilihitaji wengi wa kutazama, kucheka na kupeleka mbele. Wao hawakushitakiwa.

Watu wetu wasikiapo visa kama hivi husema, "Haya ni mambo ya Wazungu." Na hata yanapotokea kwetu hupenda kusema kwamba mwenye kuyaleta ni mgeni. Ukweli hautupi raha hiyo. Mwaka 2006 shirika la UNICEF pamoja na Serikali ya Kenya walitoa uchunguzi juu ya utalii wa uasherati na watoto katika pwani yetu, kuanzia Malindi na Kilifi mpaka Mombasa na Diani. Walikisia kwamba watoto wa kike baina ya 10,000 na 15,000 walikuwa wameingizwa katika balaa hilo kwa nyakati mbalimbali. Na walipowatazama wanaume wenye kuwanunua watoto hao, walikuta Waitaliano 18 kwa mia, Wajerumani 14, Waswizi 12. Lakini fungu lililo kubwa kuliko yote, zaidi ya thuluthi moja, lilikuwa la Wakenya wenyewe. Hatusemi haya ili kumpunguzia mgeni dhambi yake. Twasema ili tusilinde mlango wa bahari peke yake na hali mwivi yumo uani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na katika uhalifu wa mtandaoni mambo ni kama hayo. Mwaka 2008 Janis Wolak na Finkelhor na wenzao walitoa uchunguzi wa kesi za Marekani, wakaonyesha kwamba ile sura tuliyoizoea, ya mzee ajifanyaye kijana ili amdanganye mtoto, si sura ya kawaida. Wengi wa wahalifu hawakuficha kwamba ni watu wazima. Walitumia subira, sifa, huruma na mapenzi ya uongo; na wengi wa waliodhuriwa walikuwa vijana wenye miaka baina ya 13 na 17, si watoto wadogo. Kwetu Kenya, uchunguzi uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF na kutolewa mwaka 2021, uliwauliza zaidi ya watoto 1,000 watumiao mtandao, wenye miaka 12 mpaka 17. Ulionyesha kwamba mara nyingi mdhulumu ni mtu ambaye mtoto amjua, na kwamba watoto waliodhuriwa, wakisema kabisa, humwambia rafiki au mtu wa karibu. Wanaofika polisi au kupiga simu ya msaada ni wachache mno. Anayejulikana na mtoto ni nani? Ni jirani, ni mjomba, ni binamu, ni mwalimu wa skuli, na yapasa tuseme bila kutafuna maneno, yaweza kuwa hata mwalimu wa chuo. Cheo cha mtu na kanzu yake si dhamana.

Kwa nini mtoto hasemi? Daktari Roland Summit wa Marekani aliandika mwaka 1983 juu ya hali aliyoiona kwa watoto waliodhulumiwa: jambo huwekwa siri, mtoto hujiona hana uwezo, hunaswa akazoea, hukawia kusema, na akisema kwa namna isiyoaminika kisha akaona zahama iliyotokea nyumbani, huyarudi maneno yake akasema alidanganya. Sisi watu wazima hutumia kila moja katika hizo kuwa ushahidi juu yake. Alinyamaza? "Basi aliridhika." Alikawia? "Basi ametunga." Ameyarudi maneno yake? "Si mwaona, alikuwa mwongo." Kumbe hayo yote ndiyo njia ya kawaida ya mtoto aliyeumizwa. Tena mtoto hutusoma kabla hajasema. Amekwisha tusikia tukizungumza juu ya mtoto wa watu: "Alifuata nini kule? Picha aliipiga nani? Mamake alikuwa wapi?" Siku ile tulipoyasema hayo juu ya mtoto wa mwenzetu, wetu alikuwa akisikiliza, akaandika moyoni kwamba nyumba hii haina mahali pa kuleta jambo hili. Na ikiwa ni mtoto wa kiume, mlango wake umefungwa mara mbili, kwa kuwa huogopa aibu na huogopa kuambiwa si mwanamume.

Sasa tuzitazame hoja za wenye kusema lisitoke nje, kwani si hoja za watu wabaya. Wengi wao ni baba na mama waliochanganyikiwa.

Hoja ya kwanza husema: jambo hili likijulikana, mtoto ataharibikiwa, hataolewa, atanyooshewa kidole. Twakubali kwamba ndimi za watu huua. Lakini tazama hoja hii inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba mji umekosea mahali pa kuiweka aibu. Aibu ni ya atendaye, si ya atendwaye. Mtu akipigwa mshale hatuulizi uchafu wa damu yake. Ikiwa majirani ndio watakaomuumiza mtoto mara ya pili, basi wa kurudishwa ni majirani. Kumnyamazisha mtoto kwa sababu mji una maneno ni kumtoza yeye deni la mji.

Hoja ya pili husema: huenda mtu akasingiziwa, na kumsingizia mtu uchafu ni dhambi kubwa. Maneno haya ni ya haki, na ndiyo maana hatuwaiti watu wamhukumu mtu barazani wala wamtangaze katika makundi ya simu. Lakini kupeleka khabari kwa wenye kazi ya kuchunguza si kutoa hukumu, bali ni kutafuta hukumu. Na katika jinai hii ushahidi mara nyingi umo ndani ya simu: maneno yenyewe, tarehe, nambari, picha. Mwenye kuvunja simu kwa hasira au kufuta kila kitu kwa haya ameondoa kile ambacho kingemhukumu mwenye hatia, na pia kile ambacho kingemwokoa asiye na hatia. Kikao cha faragha, kisicho na ushahidi wala uchunguzi, ndicho kinachoacha shaka juu ya watu maisha yao yote.

Hoja ya tatu husema: polisi na mahakama zitamvunjia mtoto heshima, na kesi itachukua miaka. Hapa pana ukweli ambao hatuwezi kuuficha. Kesi hukawia, na si kila afisa ana ulimi mwema. Lakini sheria yenyewe imeweka sitara ambayo wengi wetu hatuijui. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 imeruhusu mtoto kuwa shahidi mwenye kulindwa: asikilizwe bila watu wa nje kuhudhuria, asaidiwe na mtu wa kumsemea, asikabiliane uso kwa uso na mshitakiwa, na jina lake lisitangazwe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018 imemwekea mwenye kutengeneza au kusambaza picha chafu za watoto adhabu ifikayo kifungo cha miaka 25, au faini ifikayo shilingi milioni 20, au vyote viwili. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeyataja madhila ya mtandaoni kwa jina lake. Sheria iliyoandikwa na isiyotumiwa ni taa isiyowashwa. Kama taa ni hafifu tuidai iwe kali. Tusikae gizani kwa kuilaumu.

Tutazame pia hayo yaitwayo kumaliza nyumbani huishia wapi. Mara huishia kwa fedha: mdhulumu hutoa kitu, baba hupokea, na mtoto huona kwamba alikuwa na bei. Mara huishia kwa ndoa: msichana aliyedhulumiwa huozwa mtu yule yule, ikawa dhulma ya siku moja imeandikiwa hati ya maisha, juu ya kuwa ndoa ya aliye chini ya miaka 18 ni kosa kwa sheria ya nchi. Mara huishia kwa safari: mdhulumu huambiwa ahame, akaenda mji mwingine, penye watoto wengine, na wazazi wasiojua lolote. Katika hali zote tatu jina la ukoo limesalimika. Na mtoto wa nne na wa tano watakaodhuriwa na mtu huyo, je, jina la ukoo litawajibu nini siku ya kuulizwa?

Liko kosa jingine lililo kinyume cha kimya, na latoka kwa watu wale wale. Mtu huletewa picha ya mtoto aliyedhulumiwa, akaghadhibika, akaipeleka kwa watu 200 pamoja na maneno, "Tahadharini! Tazameni dunia ilikofika!" Huyu adhani ameamrisha mema. Kwa hakika amemvua mtoto nguo mbele ya watu 200, na ametenda kosa la sheria. Wenye elimu hii, katika mwongozo wao wa mwaka 2016 uliotolewa Luxembourg, walinasihi kuacha kuziita picha hizo kwa jina la picha za ngono kama zile za watu wazima, bali ziitwe kwa vile zilivyo: ushahidi wa mtoto kudhulumiwa. Jina lina maana. Picha hiyo ni dhulma yenyewe iliyogandishwa, na kila aitazamaye huiendesha upya. Na wingi wake watisha: shirika la Marekani linalopokea khabari hizi kutoka kwa kampuni za mtandao, NCMEC, lilipokea zaidi ya ripoti milioni 36 katika mwaka 2023 peke yake, kutoka kila upande wa dunia.

Basi sitara ya kweli ni ipi? Ni ile inayomfunika aliyevuliwa, si ile inayomfunika aliyemvua. Nayo ina matendo, si maneno tu.

La kwanza ni jawabu la mzazi katika dakika ya kwanza. Mtoto akileta khabari, aambiwe mambo matatu: nimekuamini, si kosa lako, umefanya vyema kuniambia. Maswali yasubiri. Dakika hiyo ndiyo itakayoamua kama mtoto atasema tena au atanyamaza mpaka kaburini.

La pili, asilipwe mdhulumu kitu wala asipelekewe picha nyingine, kwani mwenye kutisha hashibi. Maneno na picha zisifutwe kabla hazijaonwa na wachunguzi, wala zisipelekwe kwa mtu mwingine. Simu ya msaada wa watoto nchini ni 116, nayo hupigwa bila malipo. Idara ya Upelelezi wa Jinai nayo ina kitengo kilichowekwa makhsusi kwa ulinzi wa watoto.

La tatu ni la picha yenyewe, na hapa elimu ya mitambo, ambayo twailaumu sana, imetuletea sitara iliyo sitara kweli. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft pamoja na mtaalamu Hany Farid walitengeneza njia ya kuitoa picha hesabu yake, kama vile alama ya kidole cha mtu, ili nakala zake zitambulikane popote ziwekwapo bila mtu kuzitazama upya. Tangu mwaka 2023 NCMEC imekuwa na huduma iitwayo Take It Down, ambayo mtoto au mzazi wake aweza kuitumia bila kutaja jina: picha haitoki katika simu, hupelekwa hesabu yake tu, na kampuni zilizokubali kushiriki huitafuta na kuiondoa. Haifiki kila mahali. Kampuni zisizoshiriki na barua zilizofungwa kwa siri haiziwezi. Lakini tazama maana yake: iko njia ya kupeleka mashitaka bila kumvunjia mtoto sitara.

La nne ni baraza. Bibi aliyekuwa mlinzi mtaani hawezi kukaa ndani ya simu, lakini mzazi aweza kukaa karibu nayo: ajue mwanawe huzungumza na nani kama ajuavyo huenda nyumba gani, simu ilale nje ya chumba cha mtoto usiku, na mazungumzo yawe ya kila siku, yasingojee balaa. Na vyuo vyetu na skuli zetu viwe na kanuni iliyoandikwa na kujulikana na wazazi: mwalimu asiwe faraghani na mtoto, wala asimwandikie kwa siri. Mwalimu mwema hataudhika kwa kanuni hiyo, kwani yamlinda yeye pia.

Asiseme mtu kwamba haya hayana faida na dunia imekwisha haribika. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010 uliwauliza vijana wa Kenya wenye miaka 18 mpaka 24 juu ya utoto wao, na wanawake 32 kwa mia na wanaume 18 kwa mia walisema walitendwa uovu wa namna hii kabla ya kutimiza miaka 18. Ulipofanywa tena mwaka 2019, hesabu ilikuwa kama 16 kwa wanawake na 6 kwa wanaume. Bado ni hesabu ya kuliza, lakini haikusimama pale pale. Dhulma hii si kama kupwa na kujaa kwa maji, ambako hakuna mwenye kukuzuia. Hupungua, na yaweza kupunguzwa zaidi.

Enyi wazee wa miji yetu, mnaoitwa kukaa vikao hivyo, neno letu la mwisho ni kwenu. Mnapoambiwa, "Tafadhalini, tumalize kwa sitara," ulizeni kwanza: sitara ya nani? Mkimkuta anayefunikwa ni mtoto, jina lake, uso wake na mustakbali wake, basi funikeni kwa nguo zote mlizo nazo. Mkimkuta anayefunikwa ni aliyemdhulumu, au ni ukoo unaochelea kusemwa, basi inukeni mwende mnakopasa kwenda, na mtoto mwende naye mkimshika mkono. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.